Maji Mekundu Niliyoyamwaga

Jumapili, alasiri. Mvua imekatika sasa hivi, na bati bado linadondosha maji kwenye ndoo niliyosahau kuitoa uani.

Nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni huu tulio nao wote tangu Goma ianguke, tangu kila simu inayolia iwe na habari ya mtu. Mgongo unaniuma, vidole vinanuka glikoli, ile dawa ya maji ya kupozea mashine, hata baada ya sabuni, na miguu nimeitia kwenye beseni la maji ya moto huku kompyuta iko magotini. Herufi zikipishana, shajara, nivumilie kama kawaida yako.

Sitaki kuandika habari za vita. Hapa Lubumbashi hatusikii mizinga. Kwetu vita ni malori yaliyosimama, bei zinazopanda kila ukirudi sokoni, na watu wa Kivu waliokaa uani wakitazama simu. Kibanda changu cha ufundi pale Kamalondo kimejaa televisheni, lakini wenyewe hawaleti nizitengeneze. Wanaleta niwatafutie mnunuzi. Na umeme ukirudi unarudi kwa kishindo, unaunguza na kile kidogo nilichokuwa nimekiponya.

Nataka kuandika kuhusu Mama Kavira, na kuhusu kitu cha kijinga nilichokifanya wiki hii.

Mama Kavira anauza maharagwe na mafuta ya kula kwa jumla. Ni mtu wa Kivu Kaskazini, aliolewa kule akaletwa huku akiwa msichana, na hajawahi kuhama tena. Nyumba yake iko Kasungami, na nyuma ya nyumba kaka yake Kambale anaegesha malori yake. Yeye ni Mkristo wa kuimba kwaya, mimi ni Mwislamu, ukoo wetu ulitoka Maniema, na urafiki wetu wote umejengwa juu ya kutaniana. Akipita kibandani hunisalimia kwa kuuliza kama sisi Bangwana, Waislamu wa Maniema, tumeacha pilau kidogo kwa ajili ya watu wengine.

Mama yake amefariki. Alikuwa kijijini upande wa Rutshuru, ng'ambo ya mstari wa mapigano. Si risasi. Ni maradhi, dawa hazikuwepo, na majirani walimzika siku ileile. Habari ilifika kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Barabara imekatika, uwanja wa ndege umefungwa, na hata kama pangekuwa na njia, angefika kulitazama kaburi tu.

Basi kilio kiliwekwa Kasungami. Turubai, viti vya kukodi, moto uani, wanawake kwenye mikeka. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa maiti.

Na Mama Kavira hakulia.

Kilio kisicho na maiti ni kigumu. Hakuna jeneza la kushika, hakuna uso wa kuaga, na mwili haujui uanzie wapi. Siku zilipita amekaa kwenye mkeka macho makavu, anauliza kama watu wamekula. Wanawake walianza kunong'ona. Mama Mudogo wake, yaani mdogo wa marehemu anayeishi naye hapa mjini, alisema wazi kwamba moto ule wa msiba hatauzima mpaka mtoto amlilie mama yake. Watu wangelala hapo uani hata mwezi, kwake ni sawa.

Siku ya Alhamisi Mama Kavira aliniita pembeni.

"Miye sina machozi, Fundi," akasema. "Bananiambia amekufa, minasikia sawa vile banasema juu ya muntu mwingine. Lakini niko na kaseti ya ndoa yangu. Mama iko mule, anacheza. Minataka nimuone muzuri. Pengine nitalia."

Hakuwa na picha nyingine ya mama yake akitembea, na kanda ile imetazamwa kwenye televisheni moja tu, lile dude lililoko sebuleni kwake. Ni televisheni ya zamani, kubwa kama kabati la nguo, ile aina inayorusha picha kwenye skrini kutoka nyuma. Marehemu mumewe aliinunua ikiwa imeshatumika, miaka ile biashara ilipokuwa inacheka, na tangu siku ya kwanza picha yake ilikuwa na ukungu. Nilimuuliza kwa nini tusiunganishe deki kwenye skrini bapa ya jirani. Akasema mama yake alipokuja kumtembelea mara moja, alikaa mbele ya televisheni hiyohiyo, akajitazama akicheza, akaona haya. Nikaacha kuuliza.

Wapakiaji wa Kambale waliibeba mpaka kibandani kwangu wakitukana kwa adabu, kwa sababu ya msiba.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua televisheni ya namna hii: chini ndani yake kuna mirija mitatu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Kila mrija unarusha picha yake kwenye kioo kikubwa kilichoinamishwa nyuma, kioo kinaipeleka kwenye skrini, na hapo rangi tatu zinakutana zinakuwa mtu. Mirija hiyo inapata joto kali. Kwa hiyo mbele ya kila mmoja, kati yake na lenzi, kuna chumba kidogo kilichofungwa kwa mpira, kimejaa maji ya kupozea yaliyochanganywa na glikoli. Mwanga wote unapita ndani ya maji hayo. Yakizeeka, yakaota ukungu, picha inazeeka nayo, na hakuna kitufe cha kuirudisha.

Nilijua la kufanya. Nimeshaifanya kazi hiyo, ingawa si kwa mashine ya aina hii. Nikamwaga maji ya mrija wa buluu, yalikuwa na wingu kama maji ya kuoshea mchele. Nikamwaga ya kijani, humo kulikuwa na utando kama wa buibui. Nikafungua mrija wa nyekundu, yakatoka maji mekundu.

Hapa kwetu hakuna anayejiuliza kuhusu kitu chekundu. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kwenye sukari, kwenye mapafu, ndani ya saa ya mkononi. Mvua ikinyesha, Kasungami yote ni tope jekundu, na nguo ya kule ukiifua maji ya kwanza yanatoka kama yale niliyoyaona. Fundi wa mji huu akifungua mashine akakuta wekundu, mkono unakimbilia kitambaa kabla akili haijaamka. Nikasema moyoni, hata humu limeingia. Nikayamwaga nje ya mlango, ardhi ikayanywa, na kwa kuwa ardhi yenyewe ni nyekundu sikuona hata yalipoishia.

Chumba kile kilikuwa kimefungwa kwa mpira tangu kiwandani. Vumbi lingepita wapi? Hilo sikujiuliza.

Nikasafisha, nikabadilisha mipira, nikajaza mchanganyiko mpya wa glikoli na maji safi yaliyotoneshwa, yale ya betri, nikayaacha mpaka mapovu yakaisha. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Katika wiki hizi zote hiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya kurudisha kitu, si ya kukiuza.

Ijumaa Mama Kavira alikuja kuona. Nikawasha. Loo, picha ilikuwa imekatwa kama kwa wembe. Ungeweza kuona nyuzi za pazia la kanisa, vifungo vya shati la mpiga ngoma. Nilisimama pembeni nikisubiri nisifiwe.

Mama yake akatokea kwenye kundi la wachezaji, na kitenge chake, ambacho kila mtu wa familia anajua kilikuwa chekundu, kilikuwa na rangi ya papai. Midomo yake pia. Uso wake ulikuwa wa manjano, kama mtu aliyeugua ini akatolewa kitandani apigwe picha.

Mama Kavira alitazama kidogo tu, akainuka.

"Uyu hapana mama," akasema. "Uyu ni maiti."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa sauti ileile ya kuuliza kama watu wamekula, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

Nikamwambia ni uzee wa mashine, anipe mpaka Jumapili. Nilidanganya. Sikujua ni nini, lakini nilijua mashine haikuwa hivyo ilipoingia mikononi mwangu.

Usiku sikulala vizuri. Nilijaribu marekebisho yote kichwani, nikapunguza kijani, nikaongeza nyekundu, na kila nikifumba macho naona uso ule wa manjano.

Jibu lilikuwa kwenye kamba ya nguo. Jumamosi asubuhi nilienda kuanua, nikakuta kitambaa cheupe nilichokuwa nimefutia mrija wa nyekundu. Nilikuwa nimekifua. Vumbi la hapa likifuliwa linatoka, na lisipotoka linaacha chembe ukisugua kwa kidole. Kitambaa kile kilikuwa laini, na doa lake lilikuwa limeenea sawasawa, jekundu lililokolea kama rangi ya kutilia nguo. Nikalisugua tena. Hakuna chembe.

Nikakaa chini kwenye kizingiti.

Halikuwa vumbi. Waliotengeneza mashine ile waliyatia yale maji rangi kwa makusudi. Nikaenda nikawasha mrija wa nyekundu peke yake nikauwekea karatasi nyeupe mbele: mwanga ulikuwa wa rangi ya makaa ya jiko, nusu nyekundu, nusu chungwa. Mrija wenyewe hauna wekundu safi. Maji yale mekundu kazi zake zilikuwa mbili, kupoza na kuchuja, kumeza lile chungwa na kuacha nyekundu tupu ipite. Na mimi, fundi wa miaka yote hii, niliona maji yaliyochaguliwa na watu wenye akili zao, nikayaita uchafu, nikayamwaga.

Nililia kidogo kwa aibu, sina sababu ya kukuficha. Kisha nikajiuliza nitapata wapi maji mekundu yasiyochemka.

Nilipanda teksi mpaka Kasungami kwa Kambale. Malori yake yamepangwa nyuma ya nyumba, njia ya mashariki haipitiki, na yeye hushinda hapo akiyawasha moja moja ili yasife. Nilijua anatumia maji mekundu kwenye radieta, yale ya dukani, kwa sababu nimewahi kuona dumu lake. Nikamwomba kidogo.

"Maji ya radiateur, Fundi? Utaweka mu televizyo?"

Nikasema ndiyo.

"Juu ya nini?"

Hapo ilibidi nichague. Ningeweza kuendelea na hadithi ya uzee wa mashine. Lakini nilikuwa nimechoka hata kudanganya, nikamweleza yote, kuanzia kitambaa mpaka mlangoni.

Kambale alinitazama, mdomo ukaanza kumcheza.

"Ulimwanga rangi chini juu ulifikiri ni vumbi ya hapa?" Akaangua kicheko, akashika tumbo, akaegemea gurudumu. "Fundi, we ni mutoto ya Lubumbashi kweli."

Wanawake waligeuka kwenye mikeka kuona nani anayecheka kwenye msiba. Akajifuta macho, akanijazia chupa.

Mchana mzima wa Jumamosi nilikuwa mpishi. Nilipanga glasi mezani, kila moja nimeyazimua yale maji kwa kiasi chake, nikawa nashika glasi moja moja mbele ya mrija na kutazama rangi kwenye karatasi. Yakiwa mazito, nyekundu inakuwa nzuri lakini picha inakufa giza. Yakiwa mepesi, papai linarudi. Nilipopata glasi iliyonipendeza, nikayachuja kwa kitambaa kilichokunjwa, nikajaza, nikasubiri mapovu. Maji ya lori yana dawa zake, huenda yataila mipira baada ya muda. Hilo nilimwambia Kambale. Akasema baada ya muda ni mbali, wao wanahitaji siku moja.

Leo mchana, watu walipotoka kanisani, wapakiaji waliirudisha mashine Kasungami, tukaiwasha kwa jenereta. Mapazia yamefungwa, sebule imejaa, wengine wamesimama mlangoni. Mimi nilikaa nyuma ya mashine, nimeinamisha kichwa upande ili nione skrini, kama mtu anayechungulia kwa jirani.

Kitenge kilikuwa chekundu. Sebule nzima ilivuta pumzi, nikaisikia. Uso ulikuwa wa mtu mzima mwenye afya, mweusi, unang'aa kwa jasho la kucheza.

"Njo mama," akasema Mama Kavira polepole, yaani ndiye.

Lazima nieleze sehemu inayofuata ya kanda ile, maana familia wanaijua kwa moyo. Baada ya ngoma, bwana arusi anamshika bibi arusi mkono kumpeleka kwenye gari, na mama anaonekana amesimama kando ya mlango, amefunika mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika. Siku zote wameambiana kwamba anacheka. Alikuwa na pengo, alionea haya meno yake, kwa hiyo akicheka anafunika mdomo. Kila kanda inapofika hapo, nyumba nzima hucheka naye. Ni utani wa familia, umerithiwa na watoto.

Kanda ikafika hapo. Wawili watatu wakaanza kucheka kwa mazoea.

Kisha wakanyamaza.

Ukungu haukuwepo tena. Mashavu ya yule mama yalikuwa yameloa kuanzia machoni mpaka kidevuni. Kiganja hakikuwa kinafunika meno. Kilikuwa kinazuia sauti isitoke.

Nilitaka kuzima. Mkono ulikuwa tayari kwenye waya. Niliwaza, ni nani aliyenituma nisafishe, watu walikuwa na kicheko chao, wangekaa nacho.

"Kumbe alikuwa analia," Mama Kavira akasema.

Kanda ikaendelea kutembea, gari likaondoka, watoto wakalikimbilia. Ndipo Mama Mudogo, yule aliyekataa kuzima moto, akasema bila kumtazama mtu.

"Alilia tangu asubui. Tulimushika. Alisema Lubumbashi iko mbali, siku mi nitakufa, uyu mutoto hatafika." Akakunja pindo la kitenge chake. "Akatukataza tusikuambie. Alisema, muache aende na furaha."

Mama Kavira alikaa vilevile, mikono mapajani. Mimi nilimwona kwa upande tu. Halafu akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu, na kilichotoka hakikuwa swali. Sijawahi kusikia sauti ile kwake. Alianguka mbele juu ya magoti ya Mama Mudogo, na wanawake wote wakaipokea sauti ile, ikatoka sebuleni ikaenda uani, mpaka wanaume waliokuwa kwenye viti wakainuka.

"Alinililia mbele, Mama Mudogo," alikuwa anasema katikati ya kilio. "Alinililia niko muzima. Juu alijua sitafika."

Kambale alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amesimama kati ya malori, amewapa watu mgongo.

Nilizima mashine kanda ilipoisha. Hakuna aliyeona. Mama Mudogo mwenyewe alibeba ndoo akaumwagia moto maji, moshi ukafuka, na watu wakaanza kukunja mikeka. Mama Kavira alilala kwa mara ya kwanza, wakamfunika kitenge, na mtu akaniletea sahani ya wali na maharagwe ambayo sikuweza kuimaliza.

Sasa niandike lile linaloninyima raha.

Nilipokuwa natoka, mwanamke mmoja wa mikekani alinifuata mpaka getini. Simjui. Alisema ana kanda ya mume wake. Mume wake yuko Goma, au alikuwa Goma, tangu mji ulipoanguka hana habari naye hata moja. Picha haionekani vizuri kwenye televisheni yake, na amesikia leo kwamba mimi ninaweza kuisafisha.

Nikamuuliza kama ameona kilichotokea humo ndani.

"Nimeona," akasema.

"Na bado unataka?"

Alifikiri. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa ya kwanza, na hakujisumbua kujifunika.

"We unisafishie tu," akasema. "Kama ni ya kulia, nilie. Kama iko hai, niache kulia. Mi sijue niko upande gani."

Nilimwambia kanda haiwezi kumjibu hilo. Itamwonyesha mume wake siku ile aliyopigwa picha, basi. Akaitikia kwa kichwa kwamba anaelewa, halafu akauliza niko kibandani saa ngapi.

Nimemwambia alete Jumanne. Kesho sitagusa waya wowote. Maji ya beseni yamepoa, na bado nimekaa hapa najiuliza kwa nini sikumwambia hapana.